Jenga Ukingo, Usiondoe Ngazi: Michezo ya Kila Siku, Usalama na Malezi ya Kiasi kwa Mtoto

Utangulizi



Ndugu msomaji, katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna sheria fupi ambayo wengi wetu huisoma na kuipita. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka paa lake, mtu asije akaanguka kutoka juu na nyumba ile ikabeba hatia ya damu. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na mapaa bapa. Watu walipanda juu kuanika mazao, kupumzika na hata kusali. Sheria haikuwakataza kupanda, wala haikusema ngazi iondolewe. Ilimdai mwenye nyumba ajenge ukingo.

Nimeichagua sheria hii iwe mlango wa somo letu kwa sababu, katika malezi ya watoto wadogo, mara nyingi tunafanya kinyume chake. Tunaondoa ngazi na kuusahau ukingo. Tunamwambia mtoto "tulia", "shuka", "usikimbie", "utaanguka", huku kisima cha nyuma ya nyumba hakina mfuniko na mafuta ya taa yamewekwa kwenye chupa ya soda. Matokeo yake ni hasara mara mbili: mtoto hakui inavyopasa, na wala hayuko salama.

Somo hili linawalenga wazazi, walezi, walimu wa chekechea, makatekista na sisi mafrateri tunaotumwa kila Jumapili kukaa na watoto wa Utoto Mtakatifu. Hoja yake ni moja: mchezo wa kila siku ni shule ya kwanza ya mwili na ya kujitawala, na wajibu wa mtu mzima ni kuifanya shule hiyo iwe salama bila kuifunga.

1. Maana ya maneno tunayotumia

Stadi za mwili ni uwezo wa kuuongoza mwili ufanye jambo lililokusudiwa. Kuna stadi za misuli mikubwa, kama vile kutembea, kukimbia, kuruka, kupanda na kurusha. Kuna pia stadi za misuli midogo, hasa ya vidole: kushika kijiko, kufunga kifungo, kuchambua maharage, na baadaye kushika penseli.

Kujitawala ni uwezo wa mtoto kuongoza hisia, umakini na matendo yake. Ni kuacha alichokuwa akifanya anapotakiwa kuacha, kungoja zamu, kutulia baada ya hasira, na kuikumbuka kanuni wakati moyo unataka kitu kingine. Katika mapokeo ya Kanisa, uwezo huu unapokomaa na kuelekezwa kwenye mema huitwa kiasi, mojawapo ya fadhila nne kuu pamoja na busara, haki na nguvu. Mtakatifu Paulo anakitaja kiasi mwishoni mwa orodha ya matunda ya Roho (Gal 5:22-23). Hatusemi kwamba mtoto wa miaka minne tayari ana fadhila hiyo kwa ukamilifu, kwa sababu fadhila inadai akili iliyopevuka na uchaguzi huru. Tunachosema ni kwamba shamba lake linalimwa sasa.

2. Falsafa inatufundisha nini?

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anaeleza kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo, mtu huwa mwenye kiasi kwa kutenda matendo ya kiasi. Mahubiri peke yake hayatoshi, inabidi atende na kurudia. Sasa tujiulize: mtoto wa miaka minne atatenda wapi matendo ya kiasi? Hafungi Kwaresima. Hana mshahara wa kutunza wala madaraka ya kuyatumia vema. Mahali anapoweza kungoja, kushindwa bila kupigana, na kuutii mpaka uliochorwa chini kwa kijiti ni mchezoni.

Aristotle mwenyewe aliliona jambo hili. Katika kitabu cha saba cha Siasa anashauri kwamba mtoto asilazimishwe masomo wala kazi nzito kabla ya miaka mitano, ukuaji wake usije ukazuiwa; apewe mwendo wa kutosha, na mwendo huo aupate kwa michezo. Katika kitabu cha nane anakisifu kichezeo cha kutikisa, mfano wa manyanga, kilichohusishwa na Archytas. Watoto walipewa hicho ili wasivunje vyombo vya nyumbani, kwa maana mtoto hawezi kukaa kimya. Mzazi yeyote wa leo angecheka na kukubali.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatupeleka mbele zaidi. Kwake yeye, roho haikai mwilini kama dereva ndani ya gari, awezaye kushuka na kuliacha. Roho ni umbo la mwili, na mtu ni mmoja. Basi anayelea mikono na miguu ya mtoto anamlea mtoto mzima. Thomas pia anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake (Summa Theologiae II-II, swali la 168). Hapo anasimulia habari ya Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walimshangaa kwa kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwomba mmoja wao mwenye upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika.

Ndiyo maana ratiba ya seminari ina saa ya michezo na saa ya kazi za mikono. Ikiwa Kanisa haliamini kwamba kijana wa miaka ishirini na mitano anaweza kulelewa kwa vitabu na ukimya peke yake, kwa nini tulidai hilo kwa mtoto wa miaka minne?

3. Mwili wa mtoto hukua kwa utaratibu

Kwa kawaida mtoto huanza kuumudu mwili wake kutoka kichwani kwenda miguuni, na kutoka kiwiliwili kwenda vidoleni. Hukaza shingo kabla ya kukaa, hukaa kabla ya kutembea, na bega lake hupata uthabiti kabla vidole havijatulia. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya takriban miezi 8 na miezi 18. Nafasi hiyo ni pana, kwa hiyo mama asiumie moyo kwa sababu mtoto wa jirani ametangulia. Lakini mtoto aliyefikisha mwaka mmoja na nusu bila kutembea, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, apelekwe kliniki bila kuchelewa. Asifichwe ndani. Mtoto mwenye ulemavu naye ana haki ya kucheza na wenzake kwa namna anayoiweza.

Mwaka 2019 WHO ilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa ufupi, unasema hivi:

- Mtoto asiyefikisha mwaka na ambaye bado hatambai alazwe kifudifudi akiwa macho, kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku. Mkeka na macho ya mlezi vinatosha.
- Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku. Kwa wa miaka 3 na 4, angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia, kuruka na kutoka jasho.
- Asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni kwa kitenge, zaidi ya saa moja mfululizo. Mgongo wa mama ni mahali pema, ila mtoto naye ashushwe ajinyooshe.
- Skrini haifai kwa walio chini ya miaka 2. Kwa wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja, na ikipungua ni bora zaidi.

Dakika 180 ni saa tatu. Zinapatikana bila kununua kitu chochote. Kusukuma tairi kwa kijiti, kuruka kamba, kubeba kidumu kidogo cha maji, kukimbizana hadi kwa bibi na kurudi, vyote vimo. Kwa vidole kuna kuchambua mchele, kumenya karanga, kukanda unga, kufinyanga udongo, kukunja kanga na kufua leso. Mtoto mdogo hatofautishi kazi na mchezo mpaka sisi tumfundishe kuichukia kazi.

Hapa lazima tuseme jambo linalotugusa. Zipo chekechea ambako mtoto wa miaka mitatu hukaa kwenye benchi asubuhi nzima akinakili herufi, na mzazi anafurahi kwa sababu daftari limejaa. Mkono ule haujawa tayari. Bega na kiganja vilihitaji kwanza udongo, kamba na mti. Tukimlazimisha, anajifunza kuchoka na kuiogopa shule kabla hajajifunza kuandika.

4. Mchezo unavyofundisha kujitawala

Tuiangalie michezo mitatu tunayoifahamu.

Kombolela. Mmoja analinda kopo na wengine wamejificha. Aliyejificha anatamani kutoka mbio, lakini anabana pumzi, anachungulia, anapima umbali, anangoja mlinzi asogee. Akitoka mapema, amenaswa. Akifanikiwa, anawakomboa wenzake wote. Mtoto anajifunza kuizuia hamu yake kwa ajili ya lengo kubwa zaidi, tena kwa ajili ya wengine. Hakuna mtu mzima aliyesimama na fimbo.

Rede. Wawili wanarusha mpira wa matambara na mmoja yuko katikati anakwepa. Jicho, kiuno na miguu vinafanya kazi pamoja. Akipigwa anatoka. Mara nyingi anabisha, "haikunigusa!" Hapo ndipo somo gumu lilipo: kukubali umetoka, kukaa pembeni, na kungoja zamu nyingine bila kuharibu mchezo.

Mdako. Kokoto moja inarushwa juu, mkono unachota nyingine kishimoni, kisha unaidaka ile ya juu kabla haijafika chini. Vidole vinakuwa vyepesi, hesabu inaingia kichwani, na mwenye pupa hupoteza zamu.

Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky (1896-1934) alieleza kwamba katika mchezo wa kuigiza mtoto huitii kanuni kwa hiari yake, na utii huo ndio unaompa furaha. Anayecheza "mama" hawezi kulia kama mtoto, na anayecheza "askari wa zamu" hawezi kuondoka mlangoni. Vygotsky aliona kwamba hapo mtoto hutenda juu ya kiwango chake cha kawaida. Tulinganishe na fimbo. Mtoto anayetulia kwa hofu ya fimbo hutulia mwenye fimbo anapokuwepo. Sheria imebaki nje yake. Mtoto anayengoja zamu katika mdako ameanza kuiweka sheria moyoni.

Tukumbuke pia kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, hukua polepole na huendelea kukomaa hata baada ya miaka ishirini. Mtoto wa miaka mitatu anayejitupa chini kwa hasira hajapagawa, wala hajaharibika. Anahitaji mtu mzima aliyetulia ainame, amshike, ampe jina la kile anachokihisi: "Umekasirika kwa sababu mpira umechukuliwa." Utulivu wa mkubwa ndio mdogo anaouazima.

5. Kungoja huzaliwa katika kuaminiana

Wengi wamesikia habari za jaribio la Walter Mischel huko Stanford, Marekani, ambamo mtoto aliwekewa kitu kitamu na kuahidiwa zaidi iwapo angengoja. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba anayengoja ana utashi imara na asiyengoja ni dhaifu. Tafiti za baadaye zimetuongezea mawili.

Kwanza, Celeste Kidd na wenzake mwaka 2013 waliwaonyesha watoto wengine mtu mzima anayetimiza ahadi, na wengine mtu mzima asiyeitimiza, kabla ya kuwapa jaribio hilo. Waliokutana na mtimiza ahadi walingoja kwa wastani dakika 12 hivi, na wale wengine dakika 3 hivi. Kumbe mtoto asiyengoja huenda amejifunza tu kwamba maneno ya wakubwa hayana uzito.

Pili, Bettina Lamm na wenzake mwaka 2018 waliwalinganisha watoto wa miaka minne wa Wanso, wakulima wa Kameruni, na watoto wa Ujerumani. Wanso wapatao saba kati ya kumi walingoja mpaka mwisho, lakini Wajerumani wapatao watatu tu kati ya kumi. Watafiti walilihusisha jambo hilo na malezi yanayotazamia mtoto awaheshimu wakubwa na kutuliza hisia zake mapema. Basi tusidharau adabu tuliyorithi. Heshima na mchezo havigombani. Kinachogombana navyo ni hofu na ahadi za uongo. Mzazi anayesema "nikirudi sokoni nitakuletea andazi" na asilete, kisha asieleze, anabomoa ile subira anayoidai.

6. Ukingo wetu: usalama unaomwacha mtoto akue

Ukingo hujengwa kwa kutofautisha mambo mawili. Kuna hatari iliyofichika, ambayo mtoto hawezi kuiona wala kuipima. Hiyo ni kazi yetu kuiondoa. Na kuna ugumu unaoonekana, ambao mtoto anaweza kuupima kwa jicho na mguu wake. Huo tumwachie, tukiwa karibu.

Hatari za kuondoa:

- Maji. Kisima, shimo la choo na pipa vifunikwe, na ndoo isiachwe na maji sakafuni. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama hata katika maji machache, tena bila kelele.
- Moto. Jiko la mkaa na mafiga vizungushiwe kizuizi, na mpini wa sufuria ugeuziwe ndani. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, kisha nenda hospitali. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta.
- Sumu. Mafuta ya taa, dawa ya panya na dawa za shambani zisiwekwe kwenye chupa za vinywaji, na zikae juu, mahali palipofungwa. Aliyekunywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika. Awahishwe hospitali.
- Vitu vidogo. Gololi, sarafu, betri na karanga nzima si vya mtoto mdogo, kwani vinaweza kumkaba.
- Barabara. Uwanja wa mpira usipakane na njia ya bodaboda bila uzio, wala mtoto mdogo asitumwe ng'ambo ya barabara peke yake.

Kwa ugumu unaoonekana, kanuni mbili zinafaa. Ya kwanza: usimpandishe mtoto mahali ambapo hawezi kupanda mwenyewe. Tawi la mwembe alilolifikia kwa mikono yake, mara nyingi ataweza pia kulishuka. Ulilomwekea wewe, hapana. Ya pili: badala ya kupiga kelele "utaanguka!", mwelekeze: "Angalia mguu wako unakanyaga wapi. Shika tawi nene." Kelele humwondolea umakini wakati anapouhitaji zaidi, ila maelekezo humfundisha kupima.

Kuna ukingo mwingine ambao Kanisa la leo haliwezi kuunyamazia. Usalama wa mtoto ni pia usalama dhidi ya mtu mzima. Katika shughuli zetu za parokia, mlezi asikae na mtoto peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Wawe mahali wanapoonekana, na wakubwa wawe zaidi ya mmoja. Hili linatuhusu sisi mafrateri kwanza. Mtoto afundishwe kwamba mwili wake una heshima, kwamba anaruhusiwa kusema hapana kwa mguso usiofaa, na kwamba akisema atasikilizwa.

Mtakatifu Yohane Bosco, aliyezaliwa mwaka 1815 huko Becchi, Italia, alijifunza tangu utotoni sarakasi na kutembea juu ya kamba, akawakusanya majirani kwa michezo na sala. Alipokuja kulea vijana wa Torino, mfumo wake wa kuzuia maovu kabla hayajatokea ulisimama juu ya akili, dini na upendo. Walezi wake walikuwa uani, kati ya vijana, wakati wa michezo. Uwepo wao ndio uliokuwa ukingo.

7. Tufanye nini Jumapili ijayo?

Frateri au katekista anayekutana na watoto baada ya Misa anaweza kufanya haya. Fika mapema, uzungukie uwanja: ondoa chupa zilizovunjika, misumari na nondo za ujenzi, na hakikisha mfuniko wa kisima umefungwa. Anza na dakika kumi na tano za kuruka na kukimbia, ndipo ufundishe. Mtoto aliyetoka jasho husikiliza vizuri zaidi. Tumia michezo ya kusimama ghafla kwa ishara ya ngoma, kisha shuka taratibu hadi ukimya wa nusu dakika. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma tarehe 6 Januari 1907, aliufanya ukimya kuwa mchezo, na watoto waliupenda. Kutoka hapo, sala haiko mbali. Mwishoni, wape watoto kazi ya kukusanya kamba na mipira. Na kile ulichoahidi, kitimize.

Nchini Tanzania tuna pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Inaviweka ujifunzaji wa awali na ulinzi wa mtoto katika orodha moja na afya, lishe na malezi yenye mwitikio. Parokia na chekechea zetu zisibaki nyuma.

Hitimisho

Nabii Zakaria, alipoitabiri Yerusalemu iliyorejezewa amani, aliwaona wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza (Zak 8:4-5). Watoto wanaocheza kwa usalama ni dalili kwamba wakubwa wametimiza wajibu wao. Basi tuitazame mitaa yetu na viwanja vya makanisa yetu kwa macho ya nabii, tujiulize kama yapo tunayopaswa kufunika, kuzungushia au kuokota, na kisha tuwaache watoto wakimbie.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika nyumba yako, ni hatari gani iliyofichika unayoweza kuiondoa leo bila gharama?
2. Mtoto wako, au unayemfundisha, hupata muda gani wa kukimbia na kuruka kwa siku?
3. Ni ahadi gani uliyompa mtoto na bado hujaitimiza?
4. Je, katika parokia yetu watoto na walezi wao huonekana wakati wote wa shughuli zao?